Haraka na Wema

Liko swali ambalo limetusumbua kwa miaka kadhaa, nasi twapenda kulileta mbele yenu mwezi huu ili tulifikiri pamoja. Swali lenyewe ni hili: Kwa nini mtu aliye mwema humpita mwenziwe aliye katika taabu? Hatuulizi habari za mtu mbaya. Sababu yake yeye yajulikana. Mnyang'anyi, na mtu mwenye choyo ambaye hata kaa la moto hampi jirani, hao hawana haja ya kuelezwa. Twauliza habari zetu sisi, watu wa kanisani, tuliobatizwa, tuijuao amri ya upendo kwa moyo na tuwezao kuwafundisha watoto wetu. Kwa nini sisi nasi hupita?

Jibu jepesi ni kusema kwamba mioyo yetu ni migumu. Jibu hilo husemwa mara nyingi, na pengine ni kweli. Lakini twachelea kwamba latupumzisha mno. Maana mtu akiambiwa moyo wake ni mgumu, hutikisa kichwa kwa huzuni, husema, "Ni kweli, sisi ni wenye dhambi," kisha hurudi nyumbani kama alivyokuja. Kwa kuwa hajui aanzie wapi kuulainisha moyo. Sisi twadhani kwamba liko jibu la pili, dogo kuliko la kwanza, nalo lina faida hii, kwamba mtu akilijua aweza kuanza kazi leo kabla jua halijatua. Jibu hilo ni haraka.

Mfano wa Msamaria mwema kila msomaji wetu aujua tangu utoto wake, wala hatuna haja ya kuusimulia upya. Twataka kuitazama njia tu. Njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ni njia ya kweli. Yerusalemu umekaa juu ya milima, kadiri ya mita 750 juu ya usawa wa bahari. Yeriko umekaa bondeni karibu na mto Yordani, kadiri ya mita 250 chini ya usawa huo. Basi msafiri huteremka mita 1,000 katika mwendo wa kilomita zipatazo 27, kati ya majabali makavu. Katika njia kama hiyo hakuna mtu apendaye kukawia. Kila mmoja hukaza mwendo afike kabla ya giza. Kitabu hakituambii kwa nini kuhani na Mlawi walipita kando. Wahubiri wengine husema walichelea kutiwa unajisi na maiti. Wengine husema waliwaogopa wanyang'anyi. Yawezekana. Lakini sisi tulio walimu, tunaotawaliwa na kengele na saa, twafikiri yawezekana pia kwamba walikuwa na mahali pa kufika na watu wa kuwangoja.

Jambo hili lilipata kupimwa. Wataalamu wawili wa elimu ya nafsi huko Marekani, John Darley na Daniel Batson, walitangaza habari zake mwaka 1973. Waliwachukua wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia katika mji wa Princeton, yaani watu waliokuwa wakisomea kazi ya kanisa. Kila mmoja aliambiwa aende peke yake katika nyumba nyingine iliyo karibu, akatoe hotuba fupi. Wengine walipewa kusema juu ya mfano huo huo wa Msamaria mwema. Wengine walipewa kusema juu ya kazi ziwafaazo wahitimu wa chuo kama kile. Tena, kabla ya kuondoka, baadhi yao waliambiwa kwamba wamekwisha kuchelewa na watu wanawangoja. Baadhi waliambiwa kwamba mambo ni tayari, waende sasa. Na baadhi waliambiwa kwamba nafasi bado iko, ila si vibaya wakitangulia. Wala hawakujua kwamba njiani, katika kichochoro, amewekwa mtu aliyejikunja mlangoni, kichwa chini, macho yamefumbwa, akikohoa na kuguna wanapopita.

Je, ilikuwaje? Katika wale waliokuwa na nafasi, 63 katika kila mia walimsaidia kwa namna moja au nyingine. Katika wale wa katikati, 45 katika mia. Na katika wale walioambiwa kwamba wamechelewa, 10 tu katika mia. Na wale waliokuwa na mfano wa Msamaria vichwani mwao? Wataalamu wale hawakuona kati yao na wenzao tofauti ya kutegemewa. Hata wako waliomruka yule mtu kwa miguu, ili wawahi kwenda kuwaeleza watu habari za Msamaria mwema.

Msomaji, usicheke upesi. Ni kweli kwamba watu 40 ni wachache, wala hatusemi kwamba jaribio moja laweza kuupima moyo wa mwanadamu. Hata hivyo lina la kutufundisha. Watu wale hawakuwa wabaya. Yule aliyepita, yawezekana angalisimama kama mkubwa wake angalimwambia neno jingine dakika chache kabla. Mafundisho waliyokuwa nayo kichwani yalikuwa mamoja. Dakika walizokuwa nazo mkononi ndizo zilizowatenga.

Sasa yatupasa tuungame jambo letu wenyewe, maana si haki kuwanyoshea kidole watu wa mbali hali sisi tuna letu.

Zamani kidogo, tulipokuwa wageni katika kazi ya ualimu, tulifundisha darasa la nne, na katika darasa lile alikuwako mvulana aliyekaa benchi la nyuma. Hakuwa mwerevu sana wala mzito sana. Alikuwa katika wale watoto ambao mwalimu huwasahau kwa kuwa hawamsumbui. Siku moja ya Ijumaa, wenziwe walipokwisha kutoka, alibaki amesimama karibu na meza yetu, daftari kifuani. Sisi tulikuwa tukijumlisha hesabu ya mahudhurio, maana mkaguzi alikuwa aje Jumatatu. Tena jioni ile tulikuwa na mkutano wa wazee wa kanisa, ambao shauri lake, twaona haya kuandika, lilikuwa ni mfuko wa kuwasaidia maskini. Mtoto akasema, "Mwalimu, nina neno." Tukamjibu pasipo kuinua macho, "Mwanangu, neno lako na lingoje mpaka Jumatatu." Akasema, "Ndiyo, mwalimu," akatoka.

Mkutano ulikwenda vizuri. Tuliazimia mambo matatu, tukayaandika, tukafunga kwa sala.

Jumatatu mtoto hakuja, wala Jumanne. Tulipouliza, wenziwe wakatuambia kwamba baba yake mdogo, aliyekuwa akimlea tangu baba yake alipokufa, amempeleka mbali kwa watu, akachunge ng'ombe kwa ujira. Naye aliondoka Jumamosi alfajiri. Tukaenda kwa yule baba mdogo, tukiwa tumejaa maneno makali. Tukamkuta si mtu mkali. Alitupa kigoda, akatuletea maji, akasema, "Mwalimu, mimi nina deni, nalo lilinizunguka nisione njia. Laiti ungalikuja Ijumaa, tungalikaa tukatafuta shauri. Sasa fedha za watu nimekwisha kuzila." Tukanywa maji yale, tukarudi. Ijumaa! Na Ijumaa ndiyo siku ambayo mtoto alisimama mbele yetu.

Miaka kumi ilipopita tulikutana naye sokoni, kijana mwenye ndevu, amesimama kando ya mizigo akingoja ujira wa kuchukua. Alitutambua sisi kabla hatujamtambua yeye. Akavua kofia, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Tulitaka kumwuliza habari ya neno lile, na ulimi ukatushinda. Basi tuliweka baiskeli chini tukazungumza naye habari za mama yake, na habari za mifugo, na bei ya mahindi, hata kivuli kikageuka. Safari yetu ilikuwa ya haraka siku ile pia. Lakini hatukuwa na kitu kingine cha kumpa.

Tumeandika haya kwa sababu moja. Hatukumchukia mtoto yule. Kama mtu angalituuliza Ijumaa ile, "Je, wawapenda wanafunzi wako?" tungalijibu ndiyo, na jibu hilo lingalikuwa kweli. Basi twaona kwamba upendo waweza kuwamo moyoni na usimfikie mtu, kwa kuwa hakuna mlango wa kutokea. Mbegu njema ikikaa ghalani ni mbegu njema hata mwisho, lakini haioti.

Wazee wetu wana methali isemayo, "Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani." Methali hiyo huelezwa aghalabu kwa habari ya shukrani, nayo ni maana njema. Lakini tazameni jinsi maneno yalivyopangwa. Kutenda ndiko kunakotangulia, kwenda kwafuata. Sisi twaigeuza methali: twaenda zetu kwanza, na wema twasema tutautenda tukirudi. Na mara nyingi, tukirudi, aliyetuhitaji hayupo tena penye njia.

Hapo msomaji mmoja atainuka aseme, "Mwalimu, maneno yako ni mazuri, lakini shamba halilimwi kwa mazungumzo. Mtu akisimama kwa kila mwenye neno, watoto wake watalala njaa. Tena wako watu wavivu watakaofurahi kusikia haya, wapate kukaa barazani mchana kutwa wakisema kwamba wanatenda wema." Neno hili ni la haki, nasi hatuna budi kulijibu.

Tumtazame tena Msamaria. Alikuwa na safari yake, wala hakuiacha. Alitoa mafuta na divai, akatoa mnyama wake, akatoa usiku mmoja wa kumwuguza yule mtu katika nyumba ya wageni. Siku ya pili akatoa dinari mbili kwa mwenye nyumba, akaahidi kulipa kitakachozidi, kisha akashika njia yake. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, kama tujuavyo katika mfano wa wafanya kazi wa shamba la mizabibu. Basi alitoa ujira wa siku mbili. Ni kitu, lakini si mali yake yote. Alijua pia kumkabidhi mwenziwe sehemu ya kazi. Mtu huyu hakuwa mkaa barazani. Alikuwa mtu wa kazi ambaye safari yake ilikuwa na nafasi ndani yake, kama nguo iliyoshonwa na kuachiwa upindo, ili iweze kuongezwa siku ya haja.

Au tumtazame Bwana mwenyewe katika habari ya Yairo. Yairo alikuwa mkuu wa sinagogi, na binti yake wa miaka 12 alikuwa karibu kufa. Ikiwa iko safari ya haki ya kufanywa kwa haraka, ni hiyo. Njiani mwanamke mmoja, aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 12, akaligusa vazi la Yesu kwa siri, akapona. Yesu angaliweza kuendelea na mwendo, maana mwanamke amekwisha kupona. Lakini alisimama. Aliuliza ni nani aliyemgusa, hata wanafunzi wake wakaona swali hilo halina maana katika msongamano ule. Akangoja mpaka mwanamke akaja akitetemeka, akamweleza habari yake yote. Fikirini moyo wa Yairo wakati huo! Na walipokuwa wangali wakisema, wakaja watu kumwambia kwamba binti amekufa. Twajua mwisho wake, kwamba binti aliinuliwa. Lakini tusiurukie mwisho. Katikati ya haraka iliyo kubwa kuliko zote, Bwana alimpa mwanamke yule kitu kilichozidi dawa: alimpa nafasi ya kusema neno lake hadharani, akasikilizwa. Sisi tuliomwambia mtoto neno lake lingoje, tukisoma habari hiyo twainamisha vichwa.

Basi tufanyeje? Kusema tu, "Tuache haraka," hakufai kitu. Ni kama kumwambia mwenye homa aache kutetemeka. Lakini iko sheria ya kale katika kitabu cha Mambo ya Walawi, nayo yatupa shauri lililo wazi. Wana wa Israeli waliamriwa kwamba, wavunapo mashamba yao, wasivune mpaka pembeni kabisa, wala wasirudi kuokota masazo. Pembe na masazo yaachwe kwa ajili ya maskini na mgeni. Ni kwa sheria hiyo Ruthu, mjane na mgeni, alipata chakula katika shamba la Boazi. Angalieni hekima ya sheria hii. Haikumwambia mwenye shamba angoje mpaka maskini aje, ndipo aupime moyo wake kama ana huruma siku hiyo au hana. Ilimwambia aiache pembe kabla. Mwenye shamba aweza kuamka na kisirani, aweza kuumwa kichwa, aweza kuwa amegombana na mkewe. Masuke bado yamesimama pale pembeni, na mwenye njaa ataondoka ameshiba.

Sisi twasema kwamba siku nayo ni shamba, na kila Mkristo na aache pembe ya siku yake. Yule ambaye shamba lake la saa limevunwa lote, toka alfajiri mpaka usiku, hana kitu cha kumpa mtu atakayekuja pasipo taarifa; na maskini hawaleti taarifa. Mtu mwenye kikao saa nne na aondoke nyumbani mapema kidogo, kwa kuwa njiani ataonana na watu. Mwalimu asiijaze saa ya mwisho kwa kazi isiyo na budi. Mama aendaye kisimani na ahesabu katika mwendo wake dakika za kumtwisha bibi kizee mtungi wake. Hayo si mambo makubwa. Lakini mtu akiyapanga mbele, wema haumkuti amefunga mlango.

Tutaje mambo machache ambayo pembe hiyo ya siku itayalisha.

Kwanza, salamu. Lugha yetu ni tajiri wa salamu, nasi tumerithi adabu njema ya kuulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za mgonjwa. Wageni wengine huona salamu hizi ni ndefu mno. Sisi twajua kwamba ndani yake mtu hupata mlango wa kusema lililo moyoni. Mtu huanza kwa kusema "Njema," na ukimngoja kidogo huongeza, "Lakini mtoto hakulala." Asiyengoja hulisikia lile la kwanza tu. Na neno letu "Shikamoo" maana yake ni kuishika miguu ya mzee. Nasi huwaona vijana, na watu wazima pia, wakilitamka huku wanakimbia au wamepanda pikipiki. Mguu haushikwi na mtu anayekimbia.

Pili, neno "pole." Neno hilo ni fupi, halina gharama, na aliyechoka akiambiwa hupata nguvu. Lakini nalo lina haki yake, kwamba lisemwe na mtu aliyesimama. Pole isemwayo na mtu ambaye macho yake yako kwenye simu ni ganda la yai lisilo na yai.

Tatu, wagonjwa na wafiwa. Siku ya maziko kijiji kizima huja, nalo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini arobaini ikipita, mjane hubaki na ukimya wa nyumba. Siku hiyo hakuna mkutano wala matangazo. Mtu mwenye pembe katika siku yake ndiye atakayepita kwake na kuketi, hata kama hana kitu mkononi.

Nne, walio karibu nasi kabisa. Huyu husahauliwa kuliko wote, maana twadhani atakuwapo sikuzote. Twampa mgeni kiti chetu kizuri, na mtoto wetu twamwambia, "Ondoka hapa, nina kazi." Twamsikiliza mtu wa mbali saa nzima, na mke akianza kusema twamwambia amalize upesi. Imani ya mtu haipimwi kwa wageni peke yao.

Liko jambo jingine, nalo ndilo tuliloliona mwisho baada ya kufikiri sana juu ya wale wanafunzi 40. Haraka yao hawakuitengeneza wao. Walitiwa haraka na mwingine aliyewaambia kwamba wamechelewa. Waliompita mgonjwa walipita kwa ajili ya kumtii mkubwa na kutowaudhi watu waliowangoja. Basi hata kupita kwao kulikuwa na wema ndani yake, uliovutwa huku na huku. Hapo yatupasa sisi tulio wakubwa wa watu tujiulize neno zito. Ni nani tunaowatia haraka? Mume atakaye chakula kiwe mezani dakika ile ile aingiapo, na kugomba kikichelewa, amemzuia mkewe asisimame kwa jirani aliyejifungua jana. Mwalimu ampigaye kila mtoto aliyechelewa pasipo kumwuliza sababu, amewafundisha watoto kumpita mzee aliyeanguka njiani. Mwenye shamba asiyewapa vibarua wake hata nafasi ya kuzika, mzee wa kanisa apangaye mikutano juu ya mikutano, wote hao huchukua kitu kisicho chao. Mtu ampaye mwenziwe haraka isiyo ya lazima amemnyang'anya wema wake, naye atakuja kuulizwa juu ya wema ule pamoja na juu ya wake mwenyewe.

Hatusemi kwamba haraka yote ni dhambi. Mkunga aitwaye usiku na akimbie. Nyumba ikiungua, mwenye ndoo na asisalimu mtu. Haraka ya namna hiyo ni wema wenyewe uliovaa viatu. Tena iko siku ambayo mtu hana budi kusema, "Ndugu yangu, leo siwezi." Lakini akisema hivyo, na ainue macho amtazame mwenziwe usoni, na amwambie saa atakayokuja, kisha aende yeye kumtafuta, asingoje kutafutwa. Kama Ijumaa ile tungalifanya hayo tu, yaani kuinua macho, pengine tungaliona katika uso wa mtoto kwamba neno lake halikuwa la kungoja Jumatatu.

Tangu wakati ule tumeweka kigoda kando ya meza yetu darasani. Kengele ya mwisho ikilia, twakaa kidogo kabla ya kufungua daftari la hesabu, na mtoto mwenye neno ajua kwamba kigoda ni chake. Siku nyingi hakuna ajaye. Siku nyingine huja mtoto mwenye jambo zito, nasi huenda kwao jioni ile ile. Na juzi alikuja msichana mdogo wa darasa la kwanza, akapanda kigoda kwa shida, akatuambia kwamba mbuzi wao amezaa mapacha, mmoja ana doa jeupe katika paji la uso. Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Tukamwuliza habari za mbuzi huyo kwa utaratibu, jina lake na maziwa yake, mpaka akaridhika, akateremka, akaenda kwao.